Uhandisi: Chuo cha umma au binafsi? Angalia haya kabla hujathibitisha

Majina yametoka na umechaguliwa vyuo viwili kusoma uhandisi, kimoja cha umma na kingine binafsi. Utaratibu wa TCU unataka uthibitishe kimoja tu, na dirisha la kuthibitisha halikai wazi muda mrefu.

Nyumbani kila mtu ana lake. Mjomba anasema chuo cha serikali ndiyo mpango mzima. Jirani anasema binafsi wanafuatilia wanafunzi. Wote wanaweza kuwa sahihi, lakini anayeenda kusoma miaka minne ni wewe. Haya ndiyo ya kuangalia.

1. Kagua kozi, usiishie kwenye jina la chuo

Chuo kusajiliwa ni jambo moja, kozi yako kutambuliwa ni jingine. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na vyuo vingine vikazuiwa kudahili kwenye baadhi ya kozi tu. Yaani chuo kilikuwa wazi, lakini kozi fulani imefungwa.

Kila mwaka TCU hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili chenye orodha ya vyuo, kozi na sifa za kujiunga. Tafuta kozi yako humo kwa jina lake kamili. Kama haimo, usithibitishe.

2. Uliza kuhusu ERB

Hili wengi hulijua wakishamaliza chuo. Kwa sheria ya mwaka 1997, huwezi kufanya kazi ya uhandisi Tanzania bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Mhitimu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya usimamizi, kwa kawaida miaka mitatu, kabla ya kupimwa kuwa mhandisi mtaalamu.

ERB haikuulizi kama chuo chako ni cha serikali au cha mtu. Inaangalia kama shahada yako inatambuliwa. Hata matangazo ya kazi za Serikali huandika "chuo kinachotambuliwa". Kwa hiyo kabla hujathibitisha, wasiliana na bodi uulize: wahitimu wa kozi hii, kutoka chuo hiki, mnawasajili? Jibu la hapo lina uzito kuliko bango lolote la barabarani.

3. Piga hesabu ya miaka minne

Ada ya chuo binafsi kwa kawaida iko juu. Tuchukue mfano wa hesabu tu: chuo cha umma milioni 1.3 kwa mwaka, binafsi milioni 2.5. Tofauti ni milioni 1.2. Inaonekana ya kuvumilika, ila kwa miaka minne inafika milioni 4.8, na hapo hujaweka chumba, chakula wala nauli. Ukirudia mwaka, ongeza mwaka wa tano.

Mkopo wa HESLB unapatikana hata kwa wanafunzi wa vyuo binafsi, kwa hiyo usiache kuomba. Lakini unaweza usifikie ada yote, na pengo linabaki kwa mzazi. Ukiajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara, haijalishi ulisoma wapi. Kaeni chini na familia mjibu swali moja: bumu likichelewa au mkopo ukipungua, nani analipa?

4. Nenda ukaone maabara

Uhandisi hausomwi kwenye slaidi tu. Uliza mashine zinafanya kazi au ni mapambo. Uliza wanafunzi wangapi wanashika kifaa kimoja. Darasa likiwa na watu wengi, unaweza kumaliza somo la umeme hujawahi kushika mita mwenyewe, na hilo linatokea pande zote mbili.

Uliza pia kuhusu fildi: chuo kinasaidia kupata nafasi, au kila mtu anazunguka na barua yake? Maswali haya wape wanachuo wa mwaka wa tatu na wa nne. Hao wanajua pia somo gani lina sapu nyingi na kwa nini watu wanadisko.

5. Ni uhandisi gani umepewa?

Vyuo vya umma si UDSM peke yake. Kuna MUST Mbeya, DIT, Ardhi, SUA, NIT na Chuo cha Ufundi Arusha, na kila kimoja kina eneo lake. Upande wa binafsi kuna kama St. Joseph pale Mbezi na SAUT Mwanza. Tatizo linakuja pale chuo cha umma kinapokupa kozi usiyoipenda, huku binafsi kikikupa ile uliyoitaka. Mtu aliyetaka umeme akapelekwa kwenye fani asiyoijua, kumaliza miaka minne kwa moyo mmoja ni kazi.

Basi uchague kipi?

Kama kozi ni ileile na pande zote zinatambuliwa, chukua cha umma. Ile milioni nne na ushee itakununulia kompyuta mpakato nzuri, itakulipia chumba, na nyingine itabaki.

Chagua binafsi kama mambo matatu yametimia kwa pamoja: kozi ndiyo unayoitaka, ERB inawasajili wahitimu wake, na ada ya miaka yote minne ina mlipaji anayejulikana. Moja likikosekana, ni kamari.

Kuhama chuo baadaye kunawezekana, lakini kuna utaratibu wake na lazima nafasi iwepo unakokwenda. Ni rahisi zaidi kupiga simu mbili leo, kabla hujabonyeza kitufe cha kuthibitisha.