Kuikinga Darubini ya Eksirei na Miali Isiyotakiwa

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, roketi ya aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani ambayo, kwa heshima ya siku hiyo, iliitwa Uhuru. Ndiyo ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza anga kwa eksirei, kazi isiyowezekana ardhini kwa kuwa hewa huzinyonya eksirei hizo kabla hazijafika chini.

Kigunduzi chake kilikuwa kisanduku cha gesi ya argoni chenye dirisha jembamba la madini ya berili. Eksirei iliyoingia iling'oa elektroni katika gesi, na waya uliomo ukapata mshtuko mdogo wa umeme. Lakini kisanduku cha namna hii ni kama kipofu: hujua kwamba kimeguswa, hakijui kimeguswa kutoka wapi wala na kitu gani.

Ili kutambua mwelekeo, mirija ya metali ilipangwa mbele ya dirisha. Eksirei iliyokuja kimshazari iligonga kuta za mirija ikaishia hapo. Upande mmoja wa setilaiti uliona upana wa nusu digrii tu, ambao ni kama upana wa mwezi mpevu.

Zilibaki chembe za miali ya ulimwengu, ambazo hupenya kuta. Msomaji aweza kuuliza kwa nini kisanduku kisizungushiwe risasi nene. Risasi ni nzito mno kwa roketi ndogo. Tena, ikipigwa na chembe hizo, yenyewe hutoa eksirei. Kwa hiyo zilitumika hila. Chembe hupita gesini ikiacha mkondo mrefu, na mshtuko wake hupanda polepole kuliko wa eksirei. Tena mara nyingi hugusa vigunduzi viwili kwa wakati mmoja. Mishtuko ya namna hizo ilitupwa.

Mahali penyewe pa kurushia palikuwa kinga. Kutoka Malindi, setilaiti iliingia kwa urahisi katika njia iliyo karibu na ikweta, ambako sumaku ya dunia hufukuza chembe nyingi zaidi. Hivyo mwaka 1971 iliwezekana kutambua kwamba chanzo kiitwacho Centaurus X-3 hupigapiga kila baada ya sekunde 4.8.

Darubini ya NuSTAR, iliyorushwa Juni 2012, nayo iliwekwa karibu na ikweta. Vioo vyake viko mita 10 mbele ya vigunduzi, vikishikwa na mlingoti ulio wazi pande zote. Eksirei za nyota iliyo digrii chache pembeni hupita katika uwazi huo bila kugusa vioo. Pete za metali mbele ya vigunduzi huzizuia nyingi, si zote; ndiyo sababu wataalamu hukokotoa mapema ni nyota ipi kali itakayovujisha mwanga, na pengine huizungusha darubini ili doa hilo liangukie pasipo na madhara.