Jeni na hasira: nani wa kuhukumiwa? (Sehemu ya 3)

Wiki iliyopita tuliona jinsi uteuzi asilia ulivyomrithisha binadamu hasira za haraka, kisha ukampa na breki: sehemu ya mbele ya ubongo. Leo tuwatazame watu ambao breki hiyo ilikuwa na hitilafu tangu tumboni mwa mama.

Mwaka 1993, mtaalamu wa vinasaba Han Brunner wa Nijmegen, Uholanzi, alichapisha pamoja na wenzake habari za ukoo mmoja ambao wanaume wake kadhaa walikuwa wakiwaka ghafla kwa jambo dogo. Mmoja alikosolewa kazini, akajaribu kumgonga bosi wake kwa gari. Wengine walitia moto majengo. Wanawake wa ukoo huo walikuwa wazima. Chanzo kilikuwa jeni iitwayo MAOA, inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunjavunja serotonini na dopamini baada ya kemikali hizo kumaliza kazi ubongoni. Jeni hiyo imo katika kromosomu X. Mwanamke anazo X mbili, hivyo nzima humfidia. Mwanamume anayo moja tu, ikiharibika hana akiba.

Hitilafu kamili kama hiyo ni adimu mno. Inayovumishwa magazetini kama “jeni ya ugomvi” ni nyingine: aina ya MAOA inayofanya kazi kwa kiwango cha chini, na takriban theluthi ya wanaume wenye asili ya Ulaya wanayo. Wengi wao hawajawahi kumpiga mtu kofi.

Mwaka 2002, Avshalom Caspi na Terrie Moffitt walitoa matokeo ya wavulana wa Dunedin, New Zealand, waliofuatiliwa tangu utotoni. Waliokuwa na aina hiyo na pia waliteswa wakiwa wadogo ndio walioelekea zaidi kwenye ukatili. Waliolelewa vizuri, jeni hiyohiyo haikuwaponza. Tafiti za baadaye hazikukubaliana zote. Athari ya jeni moja ni ndogo, na tabia huguswa na jeni nyingi mno.

Hata hivyo, mwaka 2009 mahakama ya rufaa ya Trieste, Italia, ilimpunguzia muuaji kifungo kwa mwaka mmoja, vipimo vya jeni vikiwa sehemu ya utetezi. Mimi naona hakimu alikosea mizani. Ikiwa wa Dunedin wana la kutufundisha, swali la kwanza mahakamani lilipaswa kuwa mtu huyu alilelewa vipi, na maabara ifuate baadaye.

Wiki ijayo: mapacha waliotenganishwa, na kinachoweza kupimwa kwao.