Esansi Inakwenda Wapi?

Je, umekwisha panda kilima kwa baiskeli? Unakanyaga kwa nguvu, jasho linatoka, moyo unapiga. Sasa tuseme unakwenda mbio katika njia ya tambarare, na mbuzi anasimama mbele yako. Unafunga freni. Ukigusa chuma cha gurudumu utaona kina joto. Joto lile ni jasho lako! Nguvu uliyotia katika baiskeli imegeuka joto, wala haitarudi tena miguuni mwako.

Motokari nayo ni vile vile, ila jasho lake ni esansi, na esansi hununuliwa. Ile inayouzwa Bukavu hutoka ng'ambo kwa meli mpaka Mombasa au Dar es Salaam, kisha kamyo za tangi huileta kwa njia ya zaidi ya kilometa 1,000. Tena, ikiungua ndani ya moteri, karibu robo yake tu ndiyo inayosukuma magurudumu. Nyingine yote inapotea kwa joto na moshi. Basi ile robo tuitunze.

Shofere mwenye pupa hukanyaga esansi mpaka karibu na shimo, kisha hufunga freni ghafula. Shofere mwenye akili hutazama mbali. Akiona watu wa soko wanavuka njia, huondoa mguu mapema, na motokari inapunguza mwendo yenyewe. Wote wawili watafika soko saa ile ile, lakini tangi zao hazitakuwa sawa.

Vitesi ya kwanza ni ya kuondokea tu. Motokari ikisha kwenda, aingize ya pili, halafu ya tatu, maana katika vitesi ndogo moteri huzunguka mara nyingi kwa mwendo mfupi. Lakini asizidishe: moteri ikianza kutetemeka na kuguna, ndiyo kusema mzigo umeishinda, arudi vitesi ya chini. Shofere mzuri husikiliza kwa masikio. Mbio nazo zina bei yake: ukienda mbio mara mbili, upepo unakuzuia mara nne. Na mipira isiyojaa upepo ni kama kuendesha baiskeli katika mchanga.

Sasa tuje kwenye jambo la hatari. Ziwa Kivu liko karibu meta 1,460 juu ya bahari, na Ziwa Tanganyika karibu meta 770. Kwa hiyo njia ya Bukavu kwenda Uvira yapaswa kutelemka sana, na pale Ngomo inapita kwenye ukingo wa mlima, bonde liko chini kabisa. Mashofere wengine hutoa vitesi pale, au huzima moteri, wakisema: «Mlima utatusukuma bure.»

Wanajidanganya. Katika motokari za siku hizi, ukitelemka katika vitesi bila kukanyaga esansi, magurudumu ndiyo yanayozungusha moteri, na esansi inafungwa, haiingii hata tone. Ukitoa vitesi, moteri yapaswa kunywa esansi ili isizimike. (Wazee walioendesha motokari za zamani watabisha, kwa kuwa zile zilikunywa kidogo hata hapo.)

Na anayezima moteri kabisa? Huyo anacheza na roho za watu. Katika motokari nyingi moteri husaidia mguu wa shofere kufunga freni, na mikono yake kugeuza usukani. Ikizimwa, freni zinakuwa ngumu na usukani mzito. Tena, vitesi ilikuwa ikiizuia motokari. Isipokuwapo, mzigo wote unabaki kwa freni peke yake. Zinapata moto mkali, mwisho hazishiki tena. Kwa hiyo mashofere wazee hufuata desturi hii: vitesi ambayo ungepandia mlima, telemka nayo, na uiingize kabla ya kuanza kutelemka, si katikati.

Siku utakapofika Kamanyola, chini ya mlima ule, peleka mkono karibu na gurudumu la mbele, lakini usiliguse. Ikiwa joto ni kidogo, shofere wenu ametelemka vizuri. Ikiwa unasikia harufu ya kuungua, mwambie baba asipande tena na mtu yule wakati wa kurudi.