Wakili akimtuhumu jaji hadharani, ni nani wa kumwadhibu?

WAKILI mwandamizi anapodai hadharani kwamba majaji wanapokea rushwa, ni nani mwenye mamlaka ya kumwadhibu: majaji hao wenyewe, au chombo kingine?

Swali hilo liliitikisa Kenya Januari 18, 2024, Mahakama ya Juu ilipompiga marufuku Wakili Mwandamizi Ahmednasir Abdullahi kufika mbele yake. Kupitia barua ya msajili wake, mahakama ilisema kuwa kwa muda mrefu wakili huyo, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa Chama cha Mawakili nchini humo, amekuwa akiidhalilisha mahakama na majaji wake katika vyombo vya habari na mitandao ya kijamii.

Marufuku hiyo haikumgusa yeye peke yake. Iliwahusu pia mawakili wa kampuni yake na yeyote anayefanya kazi kwa maagizo yake. Hivyo wateja ambao hawakutamka neno lolote dhidi ya majaji walijikuta hawana mtetezi. Chama cha Mawakili kilipinga hatua hiyo, na Mahakama Kuu ikaisimamisha kwa muda.

Hoja ya majaji si nyepesi. Jaji hawezi kuitisha mkutano wa waandishi wa habari kila anapotukanwa. Maadili ya kazi yake yanamtaka anyamaze na kuzungumza kupitia hukumu. Mahakama haina jeshi wala hazina. Nguvu yake ni imani ya wananchi, na tuhuma zisizo na ushahidi huibomoa imani hiyo. Tena maneno ya wakili mwandamizi, aliyetunukiwa cheo hicho kwa heshima ya taaluma yake, huaminiwa kuliko ya mtu wa kawaida.

Hata hivyo, wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Anayelalamika hapaswi kuwa mwamuzi wa malalamiko yake mwenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa haki kabla ya kuadhibiwa.

Njia za kisheria zipo. Chini ya Sheria ya Mawakili, malalamiko dhidi ya wakili hupelekwa katika Jopo la Nidhamu. Jopo hilo laweza kumwonya, kumtoza faini isiyozidi Sh1 milioni, kumsimamisha kwa muda usiozidi miaka mitano, au kufuta jina lake katika orodha ya mawakili.

Wakili naye, akiwa na ushahidi dhidi ya jaji, anaweza kuufikisha mbele ya Tume ya Huduma za Mahakama kwa mujibu wa kifungu cha 168 cha Katiba. Tume ikiridhika humwandikia Rais, ambaye ndani ya siku 14 humsimamisha jaji na kuunda jopo la kumchunguza.

India ilipita njia hii mapema. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilimsimamisha kwa miaka mitatu Vinay Chandra Mishra, wakili mwandamizi aliyekuwa mwenyekiti wa Baraza la Mawakili, kwa kumdharau jaji mahakamani. Mwaka 1998 mahakama hiyohiyo ilijirekebisha: inaweza kumwadhibu wakili kwa kudharau mahakama, lakini kumsimamisha kazi ni jukumu la baraza la mawakili.

Mwaka 2020 iliamua kuwa wakili Prashant Bhushan aliidharau mahakama kwa ujumbe wake wawili mtandaoni. Adhabu ikawa faini ya rupia moja; asingelipa, angefungwa miezi mitatu na kuzuiwa kufika mbele ya mahakama hiyo kwa miaka mitatu. Alilipa.

Funzo ni kwamba heshima ya mahakama hailindwi kwa kumfungia mlango anayelalamika. Mwenye tuhuma atoe ushahidi panapostahili. Aliyesingizia aadhibiwe na chombo kisicho na chuki naye. Hapo mwananchi anayesubiri hukumu ya shamba lake ndipo atakapoamini kwamba jaji aliyeketi mbele yake hana upande.