Kengele ya Kisauni na Mashairi ya Muyaka

Mashekhe na makasisi wa Pwani hukutana mara kwa mara siku hizi kuzungumzia ujirani mwema. Hupeana mikono, hupigwa picha, kisha kila mmoja hurudi kwake. Silibezi jambo hilo. Likoni ilipochafuka tarehe 13 Agosti 1997, kituo cha polisi kilivamiwa na maelfu ya majirani zetu wenye asili ya bara walikimbilia kanisa Katoliki kutafuta hifadhi. Fitina za siasa ndizo zilizowasha moto ule, na uchaguzi ulikuwa karibu. Machi 2014, tena huko huko Likoni, watu wenye bunduki waliingia kanisani waumini wakiwa katika ibada. Kwa hiyo mikutano hiyo ina kazi.

Ninalolilaumu ni kwamba maneno yake ni ya jumla mno. Amani, upendo, umoja: nani azikataaye? Laiti wangevuka daraja la Nyali wakafika Kengeleni, wangepata la kuzungumza. Pale ipo kengele ya Frere Town, mji ulioanzishwa mwaka 1875 na wamishonari wa CMS kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kengele ikilizwa kuwaonya wakaaji kwamba wafanyabiashara wa watumwa wanakuja. Na tuseme kweli, wasomaji wapenzi: wengi wa wafanyabiashara hao walikuwa wakielekea kibla kimoja nasi. Wajukuu wa waliokombolewa wangali Kisauni, twanunua samaki soko moja, na hilo hatujawahi kuliketia tukalizungumza.

Lakini kando ya kidonda hicho yapo mengine. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, alianza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia ni Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa mji. Kadhi, si mtu wa njiani! Huyu hakubatizwa wala yule hakusilimu.

Baadaye alikuja Taylor, mmishonari wa CMS, akafanya usuhuba na Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Muyaka alikuwa ameshakufa tangu mwaka 1840, na tungo zake zimo vifuani mwa wazee tu. Mwalimu Sikujua akazikusanya, Taylor akazinakili, na mwaka 1940 Hichens akazichapisha kuwa diwani. Hati zenyewe zimehifadhiwa London. Mwalimu alifariki mwaka 1890 bila ya kukiona kitabu. Sisi tutungao mashairi leo twakula katika sahani iliyoandaliwa na Mwislamu na Mkristo, na wengi wetu hatulijui hilo.

Wapo wasemao kwamba kukaa pamoja namna hii ni kuchezea dini. Aliyesoma chuoni anakumbuka kwamba Maswahaba walipoteswa Makka walihamia Habasha, wakapewa hifadhi na Najashi, naye wakati huo ni mfalme wa Kikristo. Waliendelea kusali sala zao katika nchi yake.

Basi mkutano ujao na ufanywe Kengeleni, si hotelini. Mzee mmoja wa Frere Town atuhadithie walivyofika babu zake, nasi tumsikilize mpaka amalize, hata yakiwa machungu. Kisha mmoja wetu asome beti chache za Muyaka, na aeleze zilivyotufikia. Mikeka na kahawa vyatosha.