Tiba Inayofika Shambani: Profesa wa Tiba kwa Vitendo na Miteremko ya Uluguru

Tiba kwa vitendo ni taaluma ya afya inayomsaidia mtu aliyepungukiwa uwezo kwa ugonjwa, ajali au ulemavu wa kuzaliwa kuzirudia, au kujifunza kwa mara ya kwanza, shughuli zinazoijaza siku yake, kama vile kuoga, kuvaa, kupika, kulima na kucheza. Profesa wa taaluma hii hufundisha, hutafiti na kuhudumia wagonjwa, na kazi hizo tatu kwa kweli ni moja, kwa kuwa zote huuliza swali lilelile: mkono ukisharudiwa na nguvu utafanya nini, wapi, na pamoja na nani?

Gary Kielhofner wa Marekani, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago hadi alipofariki mwaka 2010, aliijibu sehemu ya swali hilo mwaka 1980, alipochapisha pamoja na wenzake nadharia isemayo kwamba utendaji wa mtu hutegemea ari yake, yaani anachokithamini na anachoamini kwamba anakiweza, pamoja na mazoea yake, uwezo wa mwili na akili yake, na mazingira anamoishi.

Katika Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, Tanzania, mazingira ndiyo yenye neno la mwisho. Mkulima wa Kinole au Matombo aliyepatwa na kiharusi, yaani kuziba au kupasuka kwa mshipa wa damu kwenye ubongo, huruhusiwa kutoka hospitalini akarudi kwenye njia ya mteremko isiyopitisha kiti mwendo, maji yanayobebwa kichwani, jiko la mafiga matatu linalodai kuinama, choo cha kuchuchumaa, na jembe linalotaka mikono miwili. Madodoso ya kupima uwezo yaliyotungwa ughaibuni, yanayouliza habari za bafu la kujilaza na kuendesha gari, yakitumiwa bila kurekebishwa humpa alama kwa mambo asiyowahi kuyafanya na kuyanyamazia anayoyafanya kila siku. Hapo ndipo utafiti wa profesa unapohitajika hasa, na hauhitaji mashine za gharama: kigoda cha kupalilia akiwa amekaa, kishikio cha mianzi kando ya njia ya chooni, au ubao wenye misumari miwili iliyotokeza juu, inayokishikilia kiazi ili kimenywe kwa mkono mmoja, ni vifaa vinavyoweza kutengenezwa na fundi wa kijijini, mradi mtu awe amepima kwa makini ni kipi kinachomfaa nani. Isitoshe, kwa kuwa kwa desturi ya Waluguru, wenyeji wa milima hii, ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, mwanamke asiyeweza tena kufika shambani huenda akapungukiwa na zaidi ya chakula.

Milima hii ina kumbukumbu chungu ya utaalamu usiouliza. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko, kazi nzito ambayo wengi waliiona haina faida kwa mazao yao, hata mwaka 1955 wakazi wa Matombo wakaipinga waziwazi. Kumpangia mgonjwa mazoezi bila kujua anaishije ni kosa la ukoo huohuo, ingawa madhara yake hutokea kimya kimya, nyumba kwa nyumba.

Kwa hiyo mafunzo ya vitendo yana uzito mkubwa. Shirikisho la Dunia la Wataalamu wa Tiba kwa Vitendo, lililoanzishwa mwaka 1952, hutaka kila mwanafunzi afanye kazi chini ya usimamizi kwa saa zisizopungua 1,000. Tanzania huwafundisha baadhi ya wataalamu wake katika hospitali ya KCMC, mjini Moshi, na saa hizo zikiishia zote wodini, mhitimu atakayepangiwa Morogoro atamwandalia mgonjwa mpango wa kurudi kazini bila kujua uzito wa tenga la kabichi linalobebwa kichwani hadi gulio la Nyandira, huko milimani.