Sufu, Ng'ombe na Hadhari ya Soko

Katika nchi ya Australia, walikofikishwa kondoo wa merino mwaka 1797 kutoka Rasi ya Tumaini Jema, sufu ilikuwa kwa muda mrefu ndiyo bidhaa kuu ya kuuzwa ng'ambo. Na mwaka 1951, vita vya Korea vilipozidisha haja ya sare za askari, ratili moja ya sufu bora ilifika kuuzwa kwa pauni nzima ya fedha.

Lakini thamani ya sufu hukamilika bandani. Mkataji hodari humvua kondoo sufu yake yote kwa dakika chache, kisha hutandazwa juu ya meza ya fito, kingo zenye samadi na miba zikaondolewa, naye mchaguzi akapima kwa vidole urefu na nguvu za nyuzi kabla ya kushindiliwa katika marobota. Nyuzi laini zisizozidi maikroni 19 hugombewa na wafumaji wa nguo za suti, ilhali zile nene za kondoo chotara, zifaazo mazulia, mara nyingi hazilipi hata ujira wa mkataji.

Msiba mkubwa wa biashara hii ulizaliwa na nia njema. Bodi ya sufu ilikuwa ikinunua kila robota lililokosa bei ya chini iliyowekwa. Bei hiyo ilipopandishwa hadi senti 870 kwa kilo ya sufu safi, wafugaji wakaongeza kondoo hadi takriban milioni 170, na wanunuzi wakajitenga. Mpango ulipositishwa Februari 1991, maghala yalikuwa na marobota zaidi ya milioni 4, na akiba hiyo haikumalizika kuuzwa ila mwaka 2001. Leo kondoo wa nchi ile hawafiki nusu ya idadi ya wakati ule.

Bei ya sufu ianguakapo hivyo, mwenye ng'ombe pamoja na kondoo ana pa kuegemea. Ng'ombe hula majani marefu, kondoo wakafuatia mafupi. Na kwa kuwa minyoo mingi ya mnyama mmoja haistawi tumboni mwa mwenziwe, kupokezana malisho huwapunguzia wote maradhi. Bei ya nyama nayo ina majira yake mbali na ya sufu.

Wafugaji wa Molo na Nyandarua, wenye kondoo wa sufu katika nyanda za juu za Kenya, wayazingatie haya: bei haidumu kwa amri, na amana ya mfugaji ni ulaini wa nyuzi zake na zizi lenye mifugo ya namna mbili.